Kufufua Massey Ferguson 135 Lililolala, kwa Pesa ya Mkulima wa Kawaida

Trekta kuukuu lililolala miaka chini ya mwembe mara nyingi halikusimama kwa sababu vyuma vimekwisha. Lilisimama kwa maji, uchafu na upepo: maji kwenye oili, uchafu kwenye tangi, upepo kwenye bomba la dizeli. Vyote vitatu vinatibika kwa spana chache, dumu la dizeli safi na subira. Kinachomaliza pesa ni haraka ya kufungua injini kabla haijapimwa. Fundi anafika, anapiga stata mara mbili, anasema, "Mzee, hii inataka ovahoo," yaani kufungua injini nzima na kuifanya upya. Unatoa pesa ya slivu (bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka), pistoni na ringi zake, na msimu unakukuta una injini mpya inayogoma kuwaka kwa sababu ileile ya mwanzo: tangi lina kutu.

Hapa tunakwenda kwa mpangilio mwingine. Tunaanza na vipimo vya bure, tunafuata vya bei ndogo, na injini inafunguliwa pale tu vipimo vyenyewe vitakaposema ifunguliwe.

Mfano wetu ni Massey Ferguson 135. Lilianza kuuzwa mwishoni mwa 1964, na mengi bado yanalima. Lina injini ya Perkins AD3.152: silinda tatu, lita 2.5, pampu ya dizeli ya CAV ya kuzunguka, bila kompyuta wala kitambuzi chochote. MF 240 lilirithi injini hiyohiyo, na kwa kuwa viwanda vya Pakistan na India viliendelea kutengeneza matrekta ya familia hii, spea zake zinapatikana Gerezani Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga Nairobi, na hata kwenye miji midogo ya wakulima. Kama lako ni Ford 5000 au MF 165, mpangilio wa kazi haubadiliki, vipimo ndivyo vitakavyotofautiana.

Hatua ya 1: Kabla ya kutoa pesa

Muulize muuzaji lilisimama kwa nini, kisha muulize swali hilohilo dereva wa zamani, au kijana aliyekuwa akilipanda. Majibu yakigongana, sikiliza la dereva. Trekta lililosimama kwa sababu mwenyewe alifariki, au klachi iligoma, ni tofauti kabisa na lililosimama baada ya kishindo.

Pita ubavuni mwa injini ukitafuta alama za kuchomelewa au gamu ya chuma kwenye bloku. Hapo usibembeleze bei, ondoka. Angalia kama pampu ya dizeli, stata na nozeli zote tatu (vinyunyizio vya dizeli, kimoja kwa kila silinda) zipo, maana trekta lililochomolewa pampu lina bei nyingine. Tikisa matairi ya nyuma kwa nguvu ukisikiliza mlio wa beringi. Kagua nyufa za tairi karibu na rimu. Tairi mbili za nyuma zinaweza kukugharimu kuliko matengenezo yote ya mfumo wa dizeli, kwa hiyo trekta lenye injini bovu na tairi nzima si biashara mbaya kama linavyoonekana.

Linganisha namba ya chasisi na iliyo kwenye kadi. Kama hakuna kadi, wewe hununui trekta, unanunua kesi.

Hatua ya 2: Osha, piga picha

Chomoa kilichobaki cha betri, kisha osha trekta lote kwa maji, sabuni na dizeli kidogo penye grisi iliyokauka. Maji ya presha yasielekezwe kwenye stata, alteneta wala pampu. Fungua boneti ukitarajia wenyeji: panya hula waya, na nyigu hujenga udongo ndani ya bomba lolote lililo wazi, pamoja na mdomo wa chujio la hewa na bomba la kupumulia la injini.

Kabla ya kulegeza nati yoyote, piga picha kwa simu. Bolti za kila sehemu ziwekwe kwenye kopo lake, na kopo liandikwe. Kazi ya bajeti husimama mara nyingi ikisubiri pesa, na mtu anayerudi baada ya miezi miwili hakumbuki ile wosha nene ilitoka wapi.

Hatua ya 3: Soma oili kabla ya kuimwaga

Trekta likiwa limetulia tangu jana, legeza polepole bolti ya chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwemo yatatangulia kutoka. Vijiko vichache ni mvuke wa miaka na si shida. Kikombe kizima kinataka maelezo: ama mvua imeingia kwa juu, ama gasketi ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) imepasuka, ama kuna ufa.

Chovya kidole ukinuse. Oili nyepesi inayonuka dizeli, tena imezidi alama ya juu kwenye kijiti, mara nyingi inaonyesha kiwambo cha pampu ndogo ya kuvuta mafuta kimetoboka na dizeli inashuka kwenye sampu. Kiwambo hicho ni spea ya bei ndogo. Ila ukiwasha injini na oili ya namna hiyo, unaua beringi za krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, na hizo si za bei ndogo.

Gia boksi na haidroliki ya trekta hili hutumia oili moja, karibu lita 30. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na mlango wake wa kawaida ni ule mpira uliochanika kwenye shina la mkono wa gia. Badilisha mpira kwanza. Usimwage lita 30 mpya leo: legeza bolti ya chini, acha maji yaliyotuama yatoke mpaka oili ianze kufuata, funga. Oili yote utaibadilisha baadaye, trekta likishatembea na kupata joto, ili uchafu utoke nayo. Nunua oili ya trekta inayofaa gia na haidroliki kwa pamoja. Ile nzito ya namba 140 ya difu za malori itaipa pampu ya haidroliki kazi ngumu ya kuivuta.

Hatua ya 4: Zungusha injini kwa mkono

Bomba la ekzosi la MF 135 linalosimama wima bila kopo juu yake huingiza mvua. Maji hushuka mpaka kwenye valvu iliyo wazi na kukaa juu ya pistoni. Ukipiga stata katika hali hiyo, pistoni inakuta maji yasiyobanika na konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, inapinda. Kwa hiyo betri ibaki mbali.

Chomoa nozeli zote tatu. Kila moja ina nati mbili, na zikiwa na kutu zilowanishe usiku kucha. Chini ya kila nozeli kuna wosha ya shaba ambayo hupenda kubaki shimoni. Itoe kwa waya uliopindwa. Ukiisahau na kuweka mpya juu yake, nozeli itakaa juu kuliko inavyopaswa na silinda hiyo haitachoma vizuri.

Mimina kwenye kila silinda vijiko viwili vitatu vya mchanganyiko wa dizeli na oili ya gia ya otomatiki, nusu kwa nusu. Acha siku mbili. Kisha ingiza spana kwenye nati ya puli ya krenki na ujaribu kuzungusha, mbele kidogo na nyuma kidogo. Ikigoma, weka gia ya juu kabisa, shika tairi la nyuma ulitikise mbele na nyuma. Tairi ni wenzo mrefu kuliko spana yoyote uliyo nayo. Ongeza mchanganyiko, rudia kesho. Injini nyingi zilizojam kwa kutu hafifu huachia kwa njia hii.

Usikubali wazo la kulivuta trekta lililojam kwa lori ili "lishtuke". Ringi zilizoshikwa na kutu huvunjika, na vipande vyake huchana slivu.

Ikizunguka, endelea mizunguko mizima kadhaa huku nozeli zikiwa nje. Maji na uchafu vitaruka kupitia matundu. Usiweke uso juu yake.

Hatua ya 5: Mfumo wa dizeli

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa, kwa hiyo usikimbie.

Anza na jaribio la dumu. Chomoa bomba linaloleta mafuta kwenye filta, uunganishe mpira safi kutoka dumu la dizeli lililofungwa juu zaidi ya injini, mafuta yashuke yenyewe. Kwa kitendo hicho umeliondoa tangi, bomba zake na pampu ndogo kwenye kesi. Utakapoiwasha kwenye Hatua ya 7, injini ikiwaka na kutulia kwa dumu, lakini ikazima ukirudisha mafuta ya tangi, ugonjwa umeupata bila kununua hata spea moja. Jaribio hili uanze nalo hata kama umeshaambiwa pampu kubwa imekufa.

Tangi lenyewe lishushwe. Mwaga dizeli ya zamani, tia changarawe safi na dizeli kidogo, litikise, suuza mpaka chekeche isibaki na kutu. Angalia kichujio kidogo cha waya kwenye koki ya tangi. Kikiziba nusu, injini itawaka vizuri na kuzima shambani ikibanwa na plau, halafu ikipumzika itawaka tena, na mwenye trekta ataamini ina mashetani.

Filta ya CAV ina mipira yake ya kuzuia kuvuja, miwili mikubwa na mmoja mdogo wa katikati. Badilisha yote pamoja na filta, maana mpira uliokauka huingiza upepo bila kudondosha hata tone. Wosha za shaba kwenye bolti za mabomba nazo zisirudiwe mara kwa mara. Ukikosa mpya, zichome moto mpaka ziwe nyekundu, zizimishe kwenye maji, zitalainika na kuziba tena.

Sasa toa upepo, kwa kufuata mkondo wa mafuta. Hakikisha kivuto cha kuzimia kimesukumwa ndani mpaka mwisho. Legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa ule mkono mdogo wa pampu ya kuvutia mpaka dizeli itoke bila povu, kaza. Mkono ukiwa mlegevu kabisa, pampu haijafa: kamu, ile nundu ya shafti inayoisukuma, imesimama mahali palipoinuka. Zungusha krenki mzunguko mmoja ujaribu tena. Halafu skrubu mbili za pampu kubwa, ya ubavuni kwanza, ya juu baadaye, kila moja mpaka povu liishe. Mwisho, betri na oili mpya zikishawekwa (Hatua ya 6 na 7), legeza nati za mabomba pale yanapoingia kwenye nozeli, vuta mkono wa mafuta mpaka mwisho, zungusha kwa stata mpaka dizeli iteme, kaza moja baada ya nyingine.

Dizeli ikifika kwenye pampu kubwa vizuri lakini haitoki kwenye mabomba ya nozeli, pengine valvu ndogo ya ndani ya pampu imegandishwa na dizeli iliyogeuka gundi. Pampu ya CAV hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, ndiyo maana maji na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huiua mapema. Usiifungue nyumbani. Ichomoe baada ya kuweka alama ya tindo inayovuka pampu na bloku ili irudi kwenye taimingi yake (wakati wa kupuliza dizeli), uipeleke kwa fundi pampu mwenye benchi la kupimia. Mpe na nozeli zote tatu, na uombe kuona zikipulizwa. Nozeli nzima hutoa ukungu laini na kukata kwa ghafla. Inayodondosha matone au kutema mchirizi ibadilishwe ncha.

Onyo moja halina mjadala: usijaribu unyunyizaji wa nozeli kwa kiganja. Dizeli ya presha ile hupenya ngozi. Tundu huonekana dogo kama la sindano, na mkono unaweza kukatwa. Ikikutokea, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama hakuna maumivu.

Hatua ya 6: Umeme

Trekta hili linahitaji umeme wa stata, chaji na taa tu. Kabla ya kununua betri, kwangua kwa msasa vichwa vya nyaya na pale waya wa ethi unapofungwa kwenye bodi. Ethi yenye kutu na rangi chini yake imefanya stata nyingi nzima zipelekwe kwa fundi bure. Pima betri kwa mita wakati stata inazunguka: ikishuka chini ya volti 9.6 au hapo karibu, betri imechoka. Injini ikiwaka, chaji iwe kati ya volti 13.8 na 14.4. Kama lako bado lina dainamo la zamani, alteneta ya gari dogo iliyotumika huwa nafuu kuliko kulihangaikia.

Switchi inayozuia stata kufanya kazi trekta likiwa kwenye gia, kama bado ipo, itengenezwe. Na usiwashe kwa kugusanisha vichwa vya stata kwa bisibisi ukiwa umesimama mbele ya tairi la nyuma. Trekta likiwa kwenye gia, litaondoka likupitie.

Hatua ya 7: Kuwasha mara ya kwanza

Tia oili mpya ya injini na filta yake, maji kwenye rejeta, na safisha bakuli la chujio la hewa, lile la oili chini. Bakuli hilo likijaa tope, injini inakula vumbi moja kwa moja. Mweke mtu mmoja karibu na mdomo wa hewa akiwa na kipande cha ubao bapa. Pampu iliyokaa miaka inaweza kushikwa ikiwa wazi, injini ikapanda kasi isiyozimika kwa kivuto. Ubao ukiziba hewa, itazima. Nguo hapana, inavutwa ndani.

Kivuto cha kuzimia kikiwa nje, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. Ndipo usukume kivuto uwashe. Sehemu za baridi kama Njombe, Mbulu au Limuru, tumia kipasha joto kilicho kwenye manifodi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini), ugeuze ufunguo upande wa kupasha kwa sekunde kama 15 kwanza. Usichanganye kifaa hicho na dawa ya kupuliza ya kuwashia injini: moto na etha ndani ya manifodi ni mlipuko.

Ikiwaka, macho kwenye geji. Injini hii ikiwa na joto la kazi na kasi kubwa inatakiwa kuonyesha presha kati ya psi 30 na 60. Ikikaa sifuri kwa nusu dakika, zima. Chunguza geji yenyewe kwa nyingine kabla ya kuhukumu injini.

Hatua ya 8: Je, ifunguliwe?

Iache ipate joto, kisha isome. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa chache: anza na chujio la hewa na nozeli. Mweupe unaochoma macho, unaopungua injini ikipata joto, ni dizeli isiyochomwa: nozeli, taimingi, au mbano hafifu. Mweupe usioisha, na maji ya rejeta yanapungua, ni maji yanayoingia silinda. Wa bluu ni oili.

Injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, legeza nati ya bomba la nozeli moja moja, kitambaa kikiwa juu yake. Ukilegeza ya silinda nzima, mlio unayumba. Ya silinda dhaifu, hausikii tofauti. Sasa unajua ugonjwa uko kwenye silinda gani. Hamisha nozeli ya silinda hiyo kwenda nyingine urudie. Udhaifu ukihama na nozeli, umeokoa gharama ya ovahoo.

Fungua kifuniko cha oili. Mvuke mwepesi ni kawaida. Injini inayopumua kwa nguvu, ikitupa moshi na matone ya oili, ina ringi na slivu zilizochoka. Hata hapo, rekebisha tapeti (nafasi inayoachwa juu ya kila valvu) kwanza: injini ikiwa baridi, pistoni juu na valvu zote mbili zimefunga, nafasi ni milimita 0.30. Valvu iliyobanwa haifungi sawasawa, mbano unatoroka, na watu wanalaumu ringi. Na injini iliyolala muda mrefu mara nyingi hupata nafuu baada ya kufanya kazi nyepesi siku kadhaa, ringi zikishajinasua. Trekta linalowaka asubuhi bila shida na linalopumua kiasi linaweza kuvuta trela msimu mzima huku ukikusanya pesa.

Hatua ya 9: Ukilazimika kufungua

Silinda hedi ikishuka, pitisha ukucha juu ya slivu, pale ringi ya juu inapoishia. Ukikwama kwenye kingo kubwa, slivu imekwisha. Ukiona bado mistari ya kiwandani iliyokatana, ringi mpya na kusaga valvu vinaweza kutosha. Hedi ipelekwe kwenye karakana ipimwe unyoofu na nyufa. Krenki ipimwe kwa maikromita kabla ya kununua beringi, kwa sababu ukubwa wa beringi unategemea imesagwa kiasi gani, 0.010, 0.020 au 0.030 ya inchi. Wengi hununua kwanza wakapima baadaye, na duka halirudishi.

Slivu za injini hii, nyingine huja zimekamilika, nyingine hutakiwa kuchongwa baada ya kushindiliwa kwenye bloku. Uliza kabla ya kulipa, ubebe namba ya injini na spea ya zamani mfukoni.

Kuhusu "orijino" na spea za Pakistan au India: nyingi za huko zinafaa kabisa. Bei ya spea ni ile ya kaunta pamoja na kazi ya kuifikia tena ikifa. Kwa hiyo bania taa, boneti, kiti, madigadi, hata rejeta ya mtumba. Usibanie gasketi ya silinda hedi, beringi, sili za oili na beringi ya klachi, maana hizo ziko ndani, na kuzifikia ni kulikata trekta katikati.

Tukigusa rejeta: ioshe kwa maji kutoka upande wa feni kwenda mbele ili mbegu za nyasi zirudi zilikotoka. Themostati usiitupe, hata fundi akikuambia nchi yetu ina joto. Injini inayofanya kazi baridi hula slivu na dizeli. Tia na dawa ya kuzuia kutu, si maji ya kisima peke yake.

Hatua ya 10: Klachi

Klachi isiyokata baada ya miaka ya kulala mara nyingi imegandana kwa kutu tu. Pasha injini joto, zima, weka gia ya juu uwanjani pasipo na watu, washa likiwa linaondoka, kanyaga pedali mpaka chini huku ukigusa breki na kuachia mafuta kwa vipindi. Kabla ya hapo uwe na hakika na breki.

Klachi inayoteleza, chungulia chini ya nyumba ya klachi. Kuna tundu dogo lenye pini. Oili nyeusi inayodondoka hapo inatoka sili ya nyuma ya krenki. Iliyo nyepesi na isiyo na weusi wa masizi inatoka gia boksi. Pakiwa pakavu, pleti imeisha.

Kulikata trekta si kazi ya jeki moja. Kabla ya kutenganisha, pigilia kabari za mbao pande zote mbili kati ya eksili ya mbele na kiti chake, bila hivyo injini itapinduka ubavuni ikiachana na gia boksi. Magogo imara chini ya sehemu zote mbili, hakuna mtu kulala chini. Ukishalifungua, badilisha kwa pamoja pleti zote mbili (kama lako lina klachi ya hatua mbili, ya kutembea na ya PTO, ile shafti ya nyuma inayoendesha zana), beringi ya kusukumia, kiberingi cha flaiwili (gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krenki) na sili ya nyuma. Baadhi ya injini hizi zina sili ya kamba: iloweke kwenye oili na uipange kwa utulivu, ikiachwa ndefu au fupi itavuja wiki ya kwanza.

Hatua ya 11: Breki, usukani, lifti

Breki kabla ya haidroliki. Trekta lisilonyanyua plau linakukera, lisilo na breki linakuua kwenye mteremko. Inua matairi yote mawili ya nyuma, rekebisha mpaka yashike sawa ukikanyaga pedali zikiwa zimefungwa pamoja. Upande mmoja ukiwa umelowa oili, sili ya shafti ya tairi imekufa na laini lazima zibadilishwe, kuzichoma kwa petroli hakusaidii. Barabarani pedali zifungwe pamoja wakati wote.

Usukani unaocheza: anza na ncha za tai rodi na bushi za mbele, bei yake ni ndogo. Pampu ya grisi ipite kwenye kila nipo mpaka grisi mpya itokeze.

Lifti isiyopanda: pima oili, safisha kichujio cha pampu ndani ya gia boksi, angalia kama mikono ya kuendeshea imegandana. Ikipanda na kushuka yenyewe mara ukizima, mara nyingi ni ringi ya silinda ya lifti iliyochoka, si pampu.

Hatua ya 12: Kazi ya majaribio

Usilipeleke moja kwa moja kwenye ekari za watu kwa mkataba. Anza na trela tupu, kisha haro, mwisho plau, kila hatua ukigusa vitovu vya matairi kwa mkono kusikia joto na kukagua matone chini. Kama ulifungua injini, mwaga oili baada ya saa 20 au 25 za kazi na uset tapeti upya. Hedi ikazwe tena kwa spana ya kipimo, kwa namba na mpangilio ulioandikwa kwenye kitabu cha injini. Sasa ndipo ubadilishe zile lita 30 za gia boksi, likiwa moto. Kaza upya nati za matairi baada ya siku ya kwanza. Baadaye, kwa vumbi letu, oili ya injini kila saa 100, na bakuli la chujio la hewa kila siku wakati wa mavuno.

Nunua daftari la kaunta uandike saa za kazi, spea uliyoweka na duka ulikoinunua. Rangi nyekundu ije msimu ujao, kama trekta limejilipa.